Bibi Karani Anajibu: Baba mdogo yupo Kisongo, chuo kipo Makumira

Msimu wa barua za vyumba umefika. Majina ya waliopata vyuo yakishatoka tu, wazazi na watoto wao wananiandikia kama vile mimi ndiye ninayegawa vitanda. Safari hii wengi ni wa sheria. Labda wameambiwa nilikuwa karani wa Baraza la Ardhi na Nyumba, kwamba mafaili ya wapangaji na wenye nyumba yamepita mikononi mwangu mpaka nikastaafu. Ni kweli. Nimechukua barua tatu. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake zimo nyingine nyingi.

*Shikamoo Bibi Karani. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Singida. Nimechaguliwa kusoma sheria Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na nimepata mkopo wa Bodi pamoja na hela ya kujikimu. Nyumbani hatuelewani kuhusu pa kukaa. Baba anataka nikae kwa baba mdogo, Kisongo, ambako nitakula na kulala bure. Mama anataka hosteli ya chuo. Rafiki zangu wawili niliosoma nao kidato cha sita wameshaona chumba Usa River, shilingi 60,000 kwa mwezi, tukae watatu. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anasema tukichelewa kinachukuliwa. Nimepiga hesabu ya nauli kutoka Kisongo nikaambiwa ni kama 3,500 kwenda na kurudi. Arusha sijawahi kufika. Nisaidie, baba ameshazungumza na baba mdogo na sijui nitamwambiaje. – Binti wa Singida*

Marahaba mwanangu, na hongera. Kwanza ujue unaongea na nani: nina vyumba vya kupangisha hapa Leganga, Usa River, na wapangaji wangu wengine ni wanafunzi. Kwa hiyo nikisema panga, yapime maneno yangu mara mbili. Vyangu vimejaa, kwa hiyo leo huna hasara.

Tuanze na cha bure, maana ndicho ghali.

Kisongo iko barabara ya Dodoma, huko mbele ya uwanja mdogo wa ndege wa Arusha. Makumira iko barabara ya Moshi, ukishapita Tengeru. Katikati yake kuna Arusha yote. Utapanda kifodi (daladala ndogo) cha kwanza mpaka mjini, utashuka, utatafuta cha pili cha kwenda Usa, na kila kimoja kitakaa kungoja kijae. Barabara ni pana, njia mbili mbili, kuanzia Sakina mpaka Tengeru. Baada ya Tengeru inarudi kuwa nyembamba, na hapo unakutana na malori ya Namanga na Moshi, mabasi, na matrekta ya mashambani. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, na ndizi nazo zinataka kupita. Kipindi cha saa mbili asubuhi kitakutoa kitandani saa kumi usiku.

Sasa kalamu. Masomo ni siku tano kwa wiki, tuseme siku 22 kwa mwezi. Mara 3,500, ni 77,000. Nauli yako peke yako inapanga kile chumba kizima cha 60,000 na inakubakizia 17,000 ya umeme na sabuni. Hapo sijahesabu chai ya njiani, wala bodaboda ya siku utakayochelewa. Mwandikie baba hesabu hii kwenye karatasi, kwa mkono wako, umpe aisome mwenyewe. Baba wengi hawapendi kubishiwa na binti, lakini namba hawagombani nazo.

Na hiyo ni hela tu. Mtu wa sheria anaishi kwa kusoma, na kusoma kwenyewe ni jioni na usiku. Mwaka wa kwanza utapewa mikataba, jinai, katiba, na namna ya kusoma kesi. Mwalimu atataja kesi tano kwa kipindi kimoja, na atategemea kesho uje umezisoma. Hukumu zetu nyingi siku hizi zipo bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria, unazifungua kwa simu au kompyuta, lakini kuzifungua kunataka bando, chaji, na meza mahali ambapo hakuna anayekuita. Wenzako watakaa maktaba mpaka ifungwe. Makundi ya majadiliano yatakutana saa moja jioni. Mazoezi ya mahakama ya kuigiza, yale ya kusimama mbele ukiwa na suti nyeusi ukasema "Mheshimiwa Jaji", hayafanyiki mchana kati ya vipindi. Wewe wa Kisongo saa kumi na moja utakuwa umeshika mkoba unakimbilia gari.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini lakini mimi ni mzee nitalisema. Kwa baba mdogo utakuwa binti wa nyumbani. Mama mdogo akiwa ametoka kazini amechoka, na wewe umefika saa mbili usiku, nani atapika? Mdogo wako wa darasa la nne ana hesabu zimemshinda, na katika nyumba kuna "mwanasheria", nani atamfundisha? Sisemi ni watu wabaya. Mgeni siku ya nne hupewa jembe, na ni haki yao kukupa. Ila jembe hilo na ile kesi ya kurasa arobaini havitalimwa usiku mmoja.

Sasa utamwambiaje baba? Usiseme hutaki kukaa kwa ndugu yake. Sema baba mdogo ndiye mlezi wako Arusha: yeye ndiye utakayemwandika kwenye fomu za chuo kama mtu wa karibu, yeye ndiye atakayekuja kukagua chumba na kuweka sahihi kama shahidi wako, na mwisho wa wiki wa kwanza wa kila mwezi utakuwa kwake, na siku hiyo kweli ukapike. Tena kuna faida ambayo baba yako haijui. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo barabara hiyohiyo ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, njiani kwenda kwa baba mdogo. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ipo mjini, makao makuu ya Jumuiya, jirani na AICC, kile kituo cha mikutano. Kesi zinaposikilizwa hadharani watu huruhusiwa kuingia na kukaa kimya. Lala Kisongo usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi upo mlangoni kabla ya majaji. Wanafunzi wa sheria wa Dodoma na Mwanza wanasafiri kuja kuziona hizo mahakama. Wewe utakuwa na ndugu hukohuko Arusha. Baba akisikia hivyo, ndugu yake hajakataliwa, amepandishwa cheo.

Hosteli. Hapa nipo na mama yako. Ukipata kitanda cha hosteli kwa mwaka wa kwanza, kichukue. Utatoka maktaba usiku ukiwa ndani ya uzio, hutanunua umeme wa LUKU, hutagombana na mtu kuhusu zamu ya kufagia uwanja, na utajifunza Arusha taratibu bila haraka ya dalali. Ubaya wake unaujua: mwenzako humchagui, kelele zipo, na jiko mara nyingi haliruhusiwi. Uliza taa zinazimwa saa ngapi na kama kuna chumba cha kujisomea. Na usikubali kubebana. Rafiki wa mwaka wa pili atakwambia njoo ulale naye kitanda kimoja mkabane hela. Siku ya ukaguzi mnatolewa wote wawili, na wewe huna hata risiti ya kulilia.

Ila vitanda vya hosteli havitoshi watu wote, na huenda ukakosa. Ndiyo maana nataka tuzungumze vizuri hicho chumba cha Usa River.

Sh. 60,000 mara miezi sita ni 360,000. Mkigawana watatu, kila mmoja anatoa 120,000, yaani 20,000 kwa mwezi. Inaonekana bure. Tatizo la kwanza ni kwamba mnadaiwa yote sasa hivi, mkiwa hamjaona bumu, ile hela ya kujikimu, hata moja. Hela ya kujikimu ya Bodi ni 10,000 kwa siku, inakuja kwa mafungu ya kama miezi miwili miwili, na fungu la kwanza la mwaka wa kwanza husubiri usajili na usaini wako. Mwenye nyumba hasubiri. Kwa hiyo hiyo 120,000 itoke nyumbani, isitegemee bumu, au mwombe mwenye nyumba miezi mitatu. Wengi hapa Usa wanakubali mitatu ukija na mzazi anayezungumza kwa adabu. Dalali atakwambia haiwezekani. Dalali analipwa kodi ya mwezi mmoja, na angependa mmalizane leo. Na yeye asipokee kodi kwa simu mkiwa Singida, hata shilingi. Chumba kikichukuliwa, kimechukuliwa. Ng'ambo ya barabara kipo kingine.

Tatizo la pili ni hao watatu. Umesema ni marafiki, sawa. Wote wanasoma sheria? Mmoja akiwa wa ualimu na mwingine wa biashara, ratiba zenu za usiku hazitafanana. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina taa moja. Wewe saa saba usiku unataka iwake, mwenzako ana mtihani saa mbili na anataka kulala. Mimi hapa nyumbani siruhusu zaidi ya wawili chumba kimoja, na siyo kwa sababu ya choo. Wawili wakigombana wanapatana. Watatu wakigombana inakuwa wawili juu ya mmoja, kisha huyo mmoja anahama na kodi inabaki kwa walioandikwa. Nani ameandikwa? Ukikuta ni jina lako peke yako, ujue wewe ndiye mpangaji wa chumba kizima na hao wawili ni wageni wako, hata kama mlikula sahani moja tangu kidato cha tano.

Njoo ukione chumba mara mbili, mara moja mchana na mara moja Ijumaa usiku. Mchana tazama juu. Kama hakuna dari, ni bati tupu, mvua za vuli zinazoanza chuo kikifunguliwa zitakunyima hata kusikia mawazo yako; na Juni bati hilohilo litakushushia baridi ya Meru ambayo Singida hamuijui. Gonga soketi, chomeka simu yako uone inachaji. Pima kwa mkono kama meza itakaa dirishani. Usiku sikiliza: kuna baa, kuna mkesha wa maombi, kuna mashine ya kusaga inayoanza alfajiri? Wafanyakazi wa mashamba ya maua nao wanapanga huku, ni majirani wazuri, lakini wanaamka mapema na redio. Kisha tembea kwa miguu kutoka geti la chuo mpaka chumbani, saa mbili usiku, ukiwa na baba mdogo. Hesabu sehemu ambazo huoni miguu yako. Zikiwa nyingi, achana nacho hata kama kina vigae.

Umeme. Uliza mita ni ya nani na vyumba vingapi vinaitumia. TANESCO ina bei nafuu kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja si rahisi kubaki kwenye bei hiyo. Mtu mmoja mwenye hita ya maji anawapandisha wote. Mita ya peke yako, hata ile ndogo ya ndani ya kugawa uniti, ina thamani ya 10,000 zaidi ya kodi. Na kumbuka kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Ukiwa wewe ndiye unayenunua umeme, mwambie mapema mtakavyofidiana, mkiwa bado mnatabasamu.

Maji. Hili wageni hawaambiwi. Maji ya visima na mito mingi ya huku chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachofanya utafiti wa kuiondoa. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, ukiniona nacheka utaelewa. Meno yako wewe yameshakomaa, hayatabadilika rangi, usiogope. Mifupa ndiyo inayodhurika mtu akinywa miaka mingi, kwa hiyo usizoee. Na kuchemsha hakusaidii: unaua vijidudu, floraidi inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi. Muulize mwenye nyumba maji ya kunywa wanatoa wapi. Akisema "sisi tunakunywa haya haya", mtazame mtoto wake wa darasa la tano meno, kisha tafuta chujio la mkaa wa mifupa au nunua ya kunywa peke yake, na ya bomba uyatumie kufulia na kuogea.

Nimefika kwenye mkataba, na hapa nivumilie.

Siku moja lililetwa barazani faili ambalo ndani yake "mkataba" ulikuwa karatasi ya daftari la mraba, imechanwa, imeandikwa: *Nimepokea laki tatu za chumba.* Sahihi moja. Hakuna tarehe ya kuanza, hakuna ya kuisha, haijasemwa chumba kipi kati ya vinane, wala kodi ni kiasi gani kwa mwezi. Mpangaji alisema laki tatu ni miezi sita. Mwenye nyumba alisema ni mitano. Mwezi mmoja, watu wazima wawili, mashahidi wanne, wajumbe wa baraza wameacha kazi zao. Mstari mmoja ungemaliza.

Kwa hiyo mkataba wako, hata wa ukurasa mmoja, uwe na haya: majina kamili ya pande zote na namba za vitambulisho, chumba kipi katika nyumba ipi na kitongoji gani, kodi ya mwezi, muda kuanzia lini mpaka lini, kilicholipwa leo, nani analipa umeme, maji na taka, na ukitaka kuondoka unatoa taarifa ya muda gani. Andika pia vitu ulivyovikuta vimeharibika. Kioo cha dirisha kimepasuka kona ya kushoto, andika. La sivyo utakapohama kitakuwa umekipasua wewe. Nakala mbili, sahihi pande zote, shahidi kila upande. Mpitie mwenyekiti wa kitongoji akakujue. Ukiwa mgeni, mtu wa kwanza kukutetea saa sita usiku ni huyo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura 113, inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini yake ufanyike hata kwa mdomo, kwa hiyo usije ukaamini mtu akikwambia bila karatasi huna haki. Unazo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba akuache ukae kwa amani bila kukuingilia, na pale anapokupangisha sehemu tu ya nyumba, atunze paa, kuta kubwa na mifereji. Lakini haki ya mdomo inathibitishwa kwa mdomo, na midomo husahau. Andika.

Kwa kifupi mwanangu: hosteli ukiipata. Ukikosa, chumba cha kutembea kwa miguu mpaka chuoni, wawili, miezi mitatu, mkataba wa maandishi. Kisongo uende ukasalimie, na ukiwa na nafasi upitie kule mahakamani.

*Bibi Karani, naitwa Mama wa Pasua, Moshi. Kijana wangu anakwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma sheria. Binamu yake anakaa Kariakoo na anasema pale ni katikati ya mji, atafika popote. Mimi nimesikia habari za hosteli za Mabibo. Hajawahi kuishi nje ya Kilimanjaro. Unanishauri nini?*

Habari za Moshi, dada. Wanafunzi wa kwanza kabisa wa sheria wa chuo kile, mwaka 1961, walisomea Mtaa wa Lumumba, na kwao Kariakoo ingekuwa jirani. Chuo kimehamia Mlimani siku nyingi. Kariakoo kwenda Mlimani ni safari, na joto la kwenye gari la saa kumi na mbili jioni litamla akili kabla hajafungua kitabu. Binamu ana duka lake hapo, ndiyo maana anaiona katikati.

Mambo ni yaleyale niliyomwambia binti wa Singida, ila yamekuzwa: umbali mrefu zaidi, kodi kubwa zaidi, madalali wajanja zaidi. Aombe hosteli mapema, kwa mfumo wa chuo, asingoje afike. Hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017, zile zinazoitwa za Magufuli, zipo ndani ya eneo la chuo. Hizo ni bora kwa mtu wa maktaba. Mabibo ipo nje ya Mlimani, lakini ina wanafunzi wengi na wanazoea kwenda na kurudi. Ni nzuri kuliko Kariakoo mara kumi. Akikosa zote, atafute Changanyikeni, Msewe au Sinza, kwa mtu mnayemfahamu. Akiambiwa Kimara ni rahisi kwa sababu kuna mwendokasi, aende akapande mwenyewe saa moja asubuhi ndipo aamue.

Na joto, dada. Mtoto wa Kilimanjaro akifika Dar mwezi wa Novemba, halali. Chumba kisichopitisha hewa ni hasara hata kikiwa cha nusu bei. Madirisha mawili yanayotazamana, na feni. Blanketi libaki Pasua.

*Bibi, mimi nipo mwaka wa pili, sheria, nimepanga hapa Usa River. Mkataba wangu ni wa miezi sita, nimeshakaa miwili, nimelipa yote. Sasa mwenye nyumba anasema kodi imepanda 15,000 kwa mwezi kuanzia mwezi ujao kwa sababu ameweka tangi la maji, na kwamba nisipoongeza atabadilisha kufuli nikiwa darasani. Nifanyeje?*

Mkataba ni wa watu wawili, mmoja hawezi kuubadilisha akiwa amelala. Kama karatasi yenu haina kipengele cha kupandisha kodi katikati ya muda, umelipa miezi sita na utakaa miezi sita. Miezi minne ijayo ikiisha, ana haki kusema bei mpya, na wewe una haki kusema asante kwaheri. Tangi ni zuri, mshukuru.

Kufuli asiguse. Mweleze hivyo kwa upole na kwa maandishi, siyo kwa ujumbe wa usiku wenye herufi kubwa. Barua fupi: tarehe, mkataba wetu wa tarehe fulani, kodi niliyolipa, sikubaliani na ongezeko kabla muda haujaisha. Nakala moja kwake, nyingine aweke sahihi ya kupokea ukae nayo. Akikataa kusaini, mpe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Risiti zako zote zipige picha leo uzitume kwa mtu wa nyumbani, maana aliyebadilisha kufuli amefungia na karatasi zako ndani.

Asipoelewa, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yao katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kupatanisha, hawatoi hukumu tena, na wana siku thelathini. Mara nyingi inatosha. Mwenye nyumba akiitwa kwa barua yenye muhuri analainika, hasa majirani wakijua. Isipotosha, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na pale mlangoni utamkuta karani. Msalimie, ana kazi ngumu.

Ila mwanangu, upo mwaka wa pili. Mtihani wa mikataba ulishaufanya. Ulipata ngapi?